Sehemu ya Kwanza Ilikuwa Imeshasema

Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havikunjiki sawasawa. Panga lilinipata kwenye kigasha nilipoinua mkono kukinga kichwa, na hospitalini Msambweni walishona wakashona, wakaniambia nimshukuru Mungu mkono umebaki. Nimeshukuru. Lakini kushukuru hakukunji vidole. Dada wa mazoezi pale hospitalini akaniagiza nitafute kitu cha kubonyeza na kufinyafinya kila siku, la sivyo mkono utakauka kama tawi.

Siku hizo nilikuwa nimehifadhiwa na binti wa dada yangu, Ukunda, kwenye chumba kimoja cha kupanga. Yeye anafua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Kwangu ni upande wa Bongwe, na kwangu nilikuwa siwezi kukanyaga. Nyumba ipo, shamba lipo, ni langu mimi, niliachiwa na mjomba wangu, na nusu ya watu wa pale walikuwa wakingoja wasikie nimezikwa ndipo waseme innalillahi.

Nitasema mapema kwamba majina siandiki. Wa Bongwe akisoma atawajua. Wa kwanza kati ya adui zangu ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ambaye shamba lake limepakana na langu. Wa pili ni wifi yangu, dada yao. Wa tatu ni mganga waliyemtoa huko juu Kinango. Wa nne ni jirani aliyenisikia nikipiga mayowe, akafunga dirisha. Waliokuja na mapanga walikuwa wamejifunga nyuso, siwajui, na hao kwangu mimi walikuwa mikono tu. Mikono haipangi.

Binti yangu huyo alikuwa na mashine ya gemu, aliyoachiwa na mwenzake wa kazini aliyehama. Jioni moja akanitilia kidude chake mkononi.

"Mama mkubwa, umeambiwa ubonyeze. Haya, bonyeza hiki."

Nikacheka. Mimi mtu mzima, darasa nililoishia ni la nne, nikae nishindane na televisheni? Lakini nilibonyeza, kwa sababu kukanda unga kulikuwa kunaniuma zaidi.

Gemu yenyewe ilikuwa ya sehemu sehemu, kama hadithi ya usiku inayokatizwa na usingizi. Sehemu nne, na kati ya moja na nyingine waliozitengeneza walikaa miaka. Katika ile ya kwanza wewe ni mgeni unayeingia kijijini kumtafuta ndugu yako aliyepotea, na kuna kitu kinakufuata ambacho hukioni. Unakisikia tu. Kwanza nilidhani nitaogopa hicho kitu. Sikukiogopa. Niliyemuogopa ni mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia.

Hakuwa na kazi yoyote katika hadithi. Alikuwa mbele ya nyumba yake, akifagia uwanja, jua likizama. Kwetu uwanja haufagiliwi jua likizama, kwa hiyo nilimtilia maanani tangu mara ya kwanza. Ukipita karibu naye anaacha kufagia. Anasimama, fagio limeinuka kidogo, anangoja upite. Humsemeshi, hakusemeshi. Ukishapita unasikia fagio nyuma yako, kwaru, kwaru, kwaru. Ukigeuka ghafla anasimama tena. Nilikuwa nikigeuka kila nipitapo pale. Binti yangu akaniambia niachane naye, hana lolote, ni pambo.

Sehemu ya pili kijiji kimehamwa. Paa zimeanguka, majani yamefika kiunoni, lakini uwanja wa yule mwanamke ni safi, hauna jani. Fagio limeegemea ukuta. Yeye hayupo, na hakuna anayemtaja. Sehemu ya tatu uko mji wa mbali kabisa, na mlevi mmoja anasema, katikati ya maneno mengine ya ulevi, kwamba kwao kuna uwanja usioota majani na waliomuua mwenye uwanja hawajalala mpaka leo. Anasema hivyo halafu anaitisha kinywaji. Kama ulikuwa unajikuna hukumsikia.

Mimi nilimsikia. Nikaweka kile kidude chini.

Sehemu ya nne ndipo wanapokwambia. Kile kitu kilikuwa kikifuata watu kwa nyayo zao. Yule mwanamke alikuwa akifagia nyayo. Kila apitaye, yeye humfutia njia nyuma yake, kisipate pa kushika. Na watu wa kijiji, walipoona kila anayekutwa na balaa amewahi kupita mbele ya nyumba ile, wakasema ndiye anayekiita. Wakamuua. Baada ya hapo hapakuwa na wa kufagia.

Nililia. Binti yangu alidhani ni mkono.

Yeye na kijana mmoja wa bara, mpishi wa pale hotelini, walikuwa wakibishana juu ya jambo hili hata chai inapoa. Kijana alisema wale watengenezaji hawakupanga chochote. Walipoanza walitaka tu mwanamke wa kutisha watu, basi, na miaka ilipopita wakakosa hadithi, wakageuka nyuma kutafuta pa kuunga. "Mathe," akaniambia, "hawa wasee ni mafundi wa kiraka. Wanashona halafu wanasema nguo ilizaliwa hivyo." Binti yangu akakataa. Akasema kiraka huonekana mshono. Akanirudisha sehemu ya kwanza, akaniambia nitembee kwenye mchanga mbele ya nyumba ile, nisigeuke kumtazama mwanamke, nigeuke kuitazama njia.

Kote kijijini ukitembea mchangani unaacha nyayo. Nilikuwa nimeziona tangu mwanzo, nikadhani ni urembo. Mbele ya nyumba ile, ukishapita, hazipo.

Zilikuwa hazipo tangu siku ya kwanza. Miaka yote hiyo, watu wote waliocheza, na jibu limelala pale mchangani wakilipita.

Yule kijana akasema basi, hao walipanga. Nilikuwa nimeondoka kwenye gemu. Nilikuwa Bongwe, nageuka kuitazama njia.

Polisi waliponihoji, na baadaye wazee wa ardhi, niliwaambia kwamba uadui ulianza mwaka ule mganga alipoletwa. Ndivyo nilivyoamini. Nilidhani watu walipata hofu, hofu ikazaa neno, neno likazaa panga, na shemeji akaona mwanya akauingia. Yaani aliunga. Usiku ule, nikiwa nimelala chini ya dirisha la chumba cha Ukunda, nilianza kurudi sehemu ya kwanza, na kila niliporudi nilimkuta shemeji amesimama pale, anangoja nipite.

Sehemu ya kwanza ni miche.

Mume wangu alikuwa kitandani, ini limeharibika, tumbo limejaa maji. Mimi ndiye wa kumgeuza, wa kumuosha, wa kukaanga mihogo ya kuuza barabarani. Moshi wa kuni uliniharibu macho, yakawa mekundu mpaka leo. Shemeji akaja na miche ya minazi kwenye toroli. Akasema kwake hakuna maji, kwangu kuna kisima, nimruhusu aiweke kwa muda ipate nguvu, ataihamisha mvua ikinyesha. Akasema kwa upole, huku amebeba kichwa cha mdogo wake kumnywesha uji. Ningemkataliaje?

Kila mtu wa pwani hii anajua. Mtu akikuomba kijisehemu alime muhogo, mpe. Kunde, mpe. Vikivunwa vimekwisha, ardhi imerudi. Lakini mti wa kudumu usimruhusu mtu kuupanda kwako, awe nduguyo, awe imamu wako. Ardhi ni yako na mti ni wake, na mti unaishi kuliko wewe. Mjomba wangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kufunga leso. Mume wangu pia, sauti imeshakuwa nyembamba kama uzi, aliniambia, "Mche ukishaingia ardhini hauna muda." Nikamwambia asijisumbue, ni kaka yake huyo. Miche nikaimwagilia mimi mwenyewe, kwa maji niliyomuoshea mgonjwa.

Mvua ikanyesha. Hakuja kuihamisha. Nilipomkumbusha alicheka, akasema, "Mke wangu wewe una mkono wa baridi, mimea inakupenda, nikiihamisha itakufa." Mashemeji huitana hivyo, mke wangu, mume wangu, ni utani wa kawaida. Nikafurahi nimesifiwa.

Kumbe lile neno ndilo lililokuwa nyayo. Mimea inanipenda. Kwa mdomo wake, mbele ya wakwezi wake wa minazi, alikuwa akilirudia. Kwamba kila nikigusacho hustawi. Kwamba shamba langu lina kijani wakati la jirani limekauka. Hakuongeza neno. Watu wakakaa nalo miaka, likaiva lenyewe.

Sehemu ya pili ni matanga. Mume wangu alipofariki sikutoa machozi, yalikuwa yamekwisha kwenye ule ugonjwa. Wifi yangu akawaambia wanawake waliokuja kunifariji kwamba wamshike mkono nani, mwenyewe yuko baridi. Neno lile lile, baridi. Alilipata wapi? Siku zile nililisikia nikaona ni chuki ya kawaida ya mawifi.

Halafu sahani. Kwenye harusi, Mwabungo, watu wanakula sinia moja, wanawake sita sita, mimi nikaletewa sahani yangu peke yangu, imefunikwa vizuri, na nyama kubwa. Wifi aliyeileta alisema ni heshima ya mjane. Nikala. Nilikula heshima yangu peke yangu pembeni, nikiwatazama wenzangu wanavyogombania mifupa na kucheka. Kutoka siku ile kila shughuli nilikuta sahani imenisubiri. Hakuna aliyesema kitu. Watoto wakajifunza kwa kuona.

Barabara ya lami ilipokaribia, wanunuzi wa viwanja wakaanza kupita na magari yao. Shemeji akaambiwa shamba lake peke yake ni jembamba mno, likiungana na langu litauzika vizuri. Ndipo mtoto wa jirani akaugua degedege. Ndipo mbuzi wa wifi akafa. Ndipo mganga akaja, akazunguka na usinga wake, akasimama, mahali gani? Kwenye minazi. Akasema chini ya minazi hii mwenye macho mekundu amezika watu. Na minazi ilikuwa imenenepa na kuzaa vizuri, kwa sababu ilipandwa karibu na kisima, na kila mtu alikumbuka kwamba mimea inanipenda. Nikaitwa mchawi, na mapanga yakaja.

Sikukosa usingizi kwa woga tu. Nilikuwa, Mungu anisamehe, nastaajabu. Mtu hakusoma zaidi yangu. Alikaa miaka zaidi ya kumi akingoja, na katika miaka hiyo alinisalimia kila asubuhi, akaniuliza hali ya macho yangu. Magenge huua kwa hasira. Huyu alipanda, akakaa kivulini mwake.

Binti yangu nilipomweleza aliuliza swali la gemu. "Unajuaje hakuunga, mama mkubwa? Unajuaje si wewe unayemshonea sasa hivi?"

Nilikasirika, nikamwambia kwa sababu miche ililetwa kwangu wakati yeye mwenyewe ana kisima. Alikichimba mwaka ule ule, nyuma ya choo, mimi nikasikia sururu nikadhani anachimba shimo la taka. Akaniangalia, akainama, akaendelea kukunja nguo.

Kesi ya mapanga ilikufa kwa kukosa mashahidi. Ya ardhi ilisikilizwa na wazee, kwenye ofisi ya chifu, na mimi nilikwenda na mkono wangu nimeuacha wazi, bila leso, wautazame. Shemeji alisema kwa adabu kwamba mimi nimehama mwenyewe, na kwamba shamba lenye miti yake ni lake. Nikayasema yote niliyoyaandika hapa, miche, sahani, kisima. Wazee walisikiliza huku wakitazama viatu vyao. Wakatoa uamuzi wa pwani: ardhi ni yangu, niliachiwa na mjomba, hilo halina ubishi. Minazi ni yake, aliipanda mbele ya macho yangu, hilo nalo halina ubishi. Nimlipe thamani ya minazi aondoke, au awe anakuja kuangua nazi zake. Wakamuuliza anataka lipi.

Akasema hahitaji fedha. Ataangua.

Nilirudi Bongwe hivyo. Binti yangu alilia, akaniuliza kama nina wazimu kwenda kukaa na mtu atakayeingia uwanjani kwangu na mapanga, halali, kila msimu. Nikamwambia nisipokaa mimi, atakaa yeye.

Nyumba ilikuwa inanuka popo. Niliiosha. Hakuna aliyekuja kunipa pole wala aliyekuja kunifukuza. Nikienda dukani watu wanapisha njia, muuzaji anaweka chenji juu ya kaunta asinigusie kiganja. Usiku nilikuwa natega sikio, na nilichosikia ni nazi zikidondoka. Puu. Kimya kirefu. Puu. Msimu wa kuangua ulifika, ukapita. Hakuja mtu.

Niliambiwa sababu na mkwezi mmoja niliyekutana naye njia ya Galu, akanijibu akiwa amesimama mbali. Wakwezi wamekataa. Wanasema mwanamke aliyekatwa mapanga akarudi akafagia nyumba yake, mwanamke huyo hapandiwi miti. Shemeji ametafuta wakwezi hata Msambweni, neno limeshafika kabla yake.

Nazi zikalala chini, nyingine zikachipua. Sikuokota hata moja, hazikuwa zangu.

Halafu akaja mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, nakoka moto. Alisimama kwenye mpaka wa mashamba yetu, hakuvuka, na pamoja naye walikuwepo wazee wawili wa ile baraza na wifi yangu nyuma kabisa, mtandio umefunika mdomo. Mguu wa shemeji ulikuwa umevimba toka unyayo mpaka goti, ngozi inang'aa, amejiegemeza kwenye mpini wa jembe. Yeye ni mkubwa kwangu, na mkubwa husalimiwa. Nikasema shikamoo. Hakuitikia marahaba. Midomo yake ilitikisika, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea kamwe. Ananiogopa. Mtu aliyeupanda uongo ule na kuumwagilia, alikuwa amekuja kuuamini.

"Shemeji," akasema, "nifungue."

Nikamuuliza nimfungue nini.

"Minazi chukua. Nimeiacha mbele ya hawa wazee, yote, na sitadai. Nifungue mguu wangu."

Wazee waliitikia kwa vichwa kwamba ndivyo. Wifi alikuwa analia pole pole. Nami nilikuwa nimekaa miaka mingapi nikiapa, kwa Mungu, kwa msahafu, kwa kaburi la mume wangu, kwamba mimi sina kitu, sijui kitu, macho ni moshi tu? Niliapa siku mganga alipokuja. Niliapa panga likiwa hewani. Ningeweza kuapa tena. Wangerudi nyumbani na minazi ingebaki yake, na mwakani au mwaka wa mbele angepatikana mkwezi asiyeogopa, au mrithi. Na nikisema nimekufungua, shamba ni langu chini na juu, mpaka nife, na mimi nitakuwa nimesema kwa mdomo wangu kile ambacho hakuna panga lililoweza kunisemesha.

Nilimtazama yule mtu. Nilitaka aniambie jambo moja. Nikamuuliza kama alijua, siku ile ya toroli, mdogo wake akinywa uji mkononi mwake.

Aliutazama mguu wake hata mmoja wa wazee akakohoa. Halafu akasema, "Sikumbuki tena nilikuwa nikijua nini."

Nadhani alisema kweli, na hilo sitamsamehe.

"Nenda," nikamwambia. "Nimekufungua."

Wazee wakashusha pumzi. Wifi akaanguka magoti palepale kwenye umande. Waliondoka wakimshikilia, na mimi nikarudi kwenye moto wangu, ulikuwa umezimika.

Mguu ulipona. Sitaki kulikuza jambo hili, huenda ulikuwa mwiba, huenda alimeza dawa za hospitali akaficha. Lakini ulipona ndani ya juma lile, na alionekana msikitini akitembea bila fimbo. Binti yangu nilipomsimulia kwenye simu alisema atakuja kuniona akipata likizo. Bado hajapata.

Jana alikuja mwanamke nisiyemjua, ametoka mbali, vumbi jekundu limempanda mpaka magotini. Ana mtoto mgongoni, kichwa kimelegea. Hakupiga hodi. Alisimama uwanjani mpaka nilipotoka. Nikamwambia dada, umepotea, mimi si mganga, sina dawa yoyote hapa, mpeleke mtoto hospitali. Nilimwambia mara mbili, na mara ya pili nilimwonyesha barabara.

Akaitikia ndiyo, kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa mapema kwamba nitakataa kwanza. Akamshusha mtoto, akakaa chini, akasema hana haraka.